Kupima Ubao Mama

Watu wanaponunua tarakilishi huuliza habari za prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake. Ni wachache waulizao habari za ubao mama, yaani ule ubao mpana ambao viungo vingine vyote huchomekwa juu yake, nao huvigawia umeme na kuvipitishia mazungumzo. Hali hiyo si ya ajabu, maana mtu aingiaye katika nyumba ya mwenziwe husifu milango na mapazia, hasifu msingi. Lakini wako waandishi ambao kazi yao ni kuupima msingi huo, kuulinganisha na mwingine, na kutuambia upi wafaa kununuliwa na upi wafaa kuachwa. Maandishi yao ni uhakiki, kama ulivyo uhakiki wa riwaya au wa tamthilia, na uhakiki nao waweza kuhakikiwa. Nakuomba, msomaji, tuutazame pamoja. Siku moja utakuwa na fedha mkononi na maandishi kama hayo mbele ya macho yako, na itakupasa kuamua kama utayaamini.

Desturi ya maandishi hayo ni hii. Mpimaji huchukua ubao mpya, huchomeka prosesa na kumbukumbu, kisha huendesha programu za kupimia. Moja yaitwa Cinebench; hiyo huipa prosesa kazi ya kuchora picha yenye mwanga na vivuli vingi, na mwisho hutoa alama. Nyingine ni Prime95, inayotumika katika mradi ulioanza mwaka 1996 wa kutafuta namba tasa kubwa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Wapimaji huipenda kwa sababu huichosha prosesa kuliko kazi nyingi za kawaida. Alama zikipatikana huchorwa kama mihimili, ubao mmoja chini ya mwingine, na ulio juu ndio mshindi. Halafu mpimaji hutaja kwa aya moja au mbili programu ya kurekebishia mwendo iliyotolewa pamoja na ubao, husifu sura yake, akatoa nishani.

Hapo ndipo akili ya msomaji ipasapo kusimama kidogo. Kama prosesa ni ile ile, kumbukumbu ni ile ile, na kazi ni ile ile, tofauti ya mwendo yatoka wapi? Mkimbiaji ni mmoja. Uwanja tu ndio uliobadilishwa.

Zamani swali hili lilikuwa na jibu la haki. Chipu iliyosimamia safari za data kati ya prosesa na kumbukumbu ilikaa juu ya ubao wenyewe, nje ya prosesa, na chipu za watengenezaji mbalimbali hazikuwa na ustadi mmoja. Ubao mzuri uliweza kweli kuushinda ubao mbaya, na mpimaji aliyetangaza ushindi huo alisema jambo lenye maana. Lakini mwaka 2003 kampuni ya AMD, katika prosesa zake za Athlon 64, ilikihamisha kidhibiti cha kumbukumbu kikaingia ndani ya prosesa. Intel ilifanya vivyo hivyo mwaka 2008 ilipotoa Core i7 ya kwanza. Tangu hapo ubao mama umebaki na kazi ya kuleta umeme safi, kupitisha ishara katika njia zake za shaba pasipo kuziharibu, na kutunza maagizo ya bayosi, ile programu ndogo iamkayo kabla ya nyingine zote. Kazi hizo ni za heshima kubwa. Hata hivyo, hakuna hata moja iwezayo kuifanya prosesa ihesabu upesi kuliko ilivyoundwa kuhesabu.

Kwa hiyo mbao mbili zikiihudumia prosesa moja kwa kufuata maagizo ya mtengenezaji wake, alama zao hazina budi kukaribiana mno. Zikiachana, mara nyingi sababu huwa moja kati ya mbili: ama kipimo kimeyumba, ama ubao mmoja haukufuata maagizo.

Kuyumba kwa kipimo ni jambo la kawaida, na halina aibu likikubaliwa. Chumba kikiwa na joto asubuhi ya pili kuliko ya kwanza, Windows ikianza kupakua masasisho kwa siri wakati wa jaribio, kipoza kikikazwa kidogo zaidi upande mmoja, alama hubadilika. Wewe unayefanya majaribio ya fizikia unajua kwamba kipimo kimoja si kipimo. Ukipima urefu wa pendula mara moja tu mwalimu wako atakurudisha mezani. Basi mbona mpimaji wa mbao atuletee tarakimu moja kwa kila ubao, pasipo kutuambia ameipata mara ngapi na zilipishana kwa kiasi gani? Tuseme ubao wa kwanza umepata alama 1,012 na wa pili 1,004. Ikiwa ubao wa kwanza peke yake hupata 1,000 leo na 1,015 kesho, tofauti ile ya alama 8 haina habari yoyote ndani yake. Hata hivyo mchoraji wa mihimili akianzia mstari wake kwenye 990 badala ya sifuri, mhimili mmoja utaonekana mrefu kuliko mwingine kwa zaidi ya nusu, na macho ya msomaji yatashawishika kabla akili yake haijasoma namba. Katika hila zote za kurasa hizi, hii ndiyo nyepesi kuitambua, nayo ndiyo inayodumu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Prosesa za zamani zilipata mapigo ya saa yao kwa kuzidisha mapigo ya ubao kwa namba maalumu. Ubao ulioagizwa kupiga megahezi 200 ukipiga 203, prosesa iliyopaswa kwenda kwa gigahezi 3 hukimbia kidogo zaidi ya hapo, kama sehemu moja na nusu katika mia. Mwenye tarakilishi hatambui kitu. Lakini katika ukurasa wa mpimaji, sehemu moja na nusu hutosha kuupandisha ubao kutoka nafasi ya sita hadi ya kwanza. Watengenezaji walilijua hilo na wako waliolitumia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alisifiwa kwa ukali wa tembo lake, naye akazidi kulikoleza kwa dawa asizozitaja.

Baadaye hila hiyo ilipata jina la kupendeza na nafasi yake ndani ya bayosi. Chukua mfano wa prosesa ya Intel iitwayo Core i7-8700K, ya mwaka 2017. Ina viini sita. Kwa maagizo ya Intel, kiini kimoja kikifanya kazi peke yake chaweza kufika gigahezi 4.7, vyote sita vikifanya kazi pamoja, mwisho wao ni 4.3. Mbao kadhaa, pasipo kuulizwa, zilivipeleka viini vyote sita hadi 4.7. Hiyo ni nyongeza ya karibu sehemu 9 katika mia, nayo si ndogo. Mpimaji aliyeacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani alidhani ametenda haki, maana kila ubao aliupima katika hali yake ya asili. Kumbe alikuwa akilinganisha ubao mtiifu na ubao mwasi, akampa mwasi nishani.

Simlaumu mtu kwa kuharakisha prosesa. Historia ya jambo hilo ina kurasa za kufurahisha. Mwaka 1998 Intel iliuza prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A, yenye mapigo ya megahezi 300, yaliyopatikana kwa kuzidisha megahezi 66 za ubao mara nne na nusu. Mafundi waligundua kwamba wakiupeleka ubao kwenye megahezi 100, nyingi za prosesa hizo zilikubali kwenda kwa 450 pasipo malalamiko, zikakaribiana na prosesa za bei ya juu sana. Ubao ulioitwa Abit BH6 ulipendwa kwa sababu mtu aliweza kubadilisha mambo hayo katika bayosi. Tazama tofauti. Fundi yule aliamua mwenyewe, alijua alichofanya, na prosesa ikiungua aliijua sababu. Mnunuzi wa leo huamuliwa na ubao kabla hajaugusa.

Na gharama ipo. Umeme unaoliwa na prosesa inapofanya kazi hufuata mapigo ya saa, tena hufuata mraba wa volteji. Ukiongeza volteji kwa sehemu 10 katika mia, ulaji wa umeme hupanda kwa sehemu 21, kabla hujaongeza hata pigo moja la saa. Umeme huo wote hugeuka joto, na joto hilo lazima liondolewe na feni ambayo nayo ina kelele. Mpimaji asiyeweka mita kati ya tarakilishi na soketi ya ukutani ametuonyesha nusu ya hesabu: ametuambia duka limeuza kiasi gani, hakutuambia limenunua kwa kiasi gani.

Yaliyotokea kati ya mwaka 2022 na 2024 yanaonyesha kwamba si maneno ya wachaguzi wa makosa madogo. Mwezi wa Oktoba 2022 Intel ilitoa prosesa ya Core i9-13900K, ambayo mwisho wake wa umeme ulioandikwa ni wati 253. Mbao nyingi za bei ya juu ziliondoa mwisho huo. Baadhi ziliandika katika bayosi wati 4,096, namba ambayo hakuna prosesa ya nyumbani iwezayo kuila. Maana yake ni kwamba hapana mpaka. Alama zilipanda, mihimili ikarefuka, nishani zikatolewa. Baada ya muda wenye prosesa hizo, na zile za kizazi kilichofuata, walianza kuona michezo ya video ikizimika ghafla. Tena ujumbe uliotokea kwenye kioo mara nyingi ulisema kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha haitoshi, kwa hiyo watu walihangaika na kadi ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Mwaka 2024 watengenezaji wa mbao walianza kutoa bayosi zenye kurudisha mipaka. Mwezi wa Julai Intel ilisema kwamba maagizo madogo yaliyomo ndani ya prosesa yenyewe yalikuwa yakiomba volteji kubwa mno. Mwezi wa Agosti ikatoa marekebisho, ikaongeza miaka miwili katika dhamana ya prosesa hizo. Mwezi wa Septemba ilipotaja visababishi vyote, mipangilio ya umeme ya mbao iliyovuka maagizo yake ilikuwa mojawapo.

Haki yatudai tuseme kwamba lawama haikuwa ya mbao peke yake, wala si kubwa kupita ile ya Intel. Lakini rudi nyuma uzisome kurasa za upimaji za mwaka ule wa 2022. Ziko zilizoutaja mpaka uliovunjwa na kuuonya umma. Hizo zinasomeka hata leo. Na ziko zilizosifu kasi tu. Msomaji aliyenunua kwa kuzifuata hakuambiwa kwamba tarakimu alizozipenda zilikopwa kutoka katika umri wa prosesa yake.

Upande wa AMD nao haukukosa mkasa wake. Mwaka 2020 programu ya HWiNFO iliongezewa kipimo cha kufichua udanganyifu mmoja wa ajabu: mbao kadhaa ziliiambia prosesa ya Ryzen kwamba inakula umeme mdogo kuliko ule iliokuwa ikila kweli. Prosesa, ikidhani bado ina nafasi, iliongeza mwendo. Ni mfano wa muuzaji aliyechezea mizani, ila aliyepunjwa hapa hakuwa mnunuzi bali bidhaa yenyewe. Kisha mwezi wa Aprili 2023 zilionekana picha za prosesa za Ryzen za aina ya X3D zilizoungua na kuvimba upande wa chini. Mtu alipowasha mpangilio wa kumbukumbu za kasi, uitwao EXPO, mbao ziliweza kupandisha volteji ya sehemu moja ya prosesa kupita kiasi. AMD iliamuru volteji hiyo isivuke volti 1.3, na bayosi mpya zikatolewa. Mtumiaji alikuwa amebonyeza kitufe kimoja tu, tena kitufe ambacho kila mpimaji alimshauri akibonyeze.

Sasa tuje kwenye programu ya kurekebishia iletwayo na ubao. Hii ndiyo sehemu ambayo wapimaji huipitia mbio, nami naiona ndiyo inayostahili macho makali kuliko zote. Kwa sura huvutia: ina saa za mviringo zenye mishale, ina rangi, ina kitufe kikubwa kinachoahidi kuharakisha tarakilishi kwa mguso mmoja. Ukikibonyeza, programu hupandisha mapigo hatua kwa hatua na kuijaribu prosesa kila hatua, hata itakapoyumba; hurudi nyuma kidogo, kisha hutangaza kwamba hali ni imara. Waza ni nani aliyetoa hukumu hiyo. Ni mtengenezaji wa ubao, kwa jaribio alilolitunga mwenyewe, la dakika chache. Mshitakiwa amekaa katika kiti cha hakimu. Na kwa kuwa tarakilishi inayozimika ni aibu kwake, lakini inayopata joto si aibu sana, programu hizo huwa na mkono mwepesi wa kuongeza volteji kuliko ambavyo fundi mwangalifu angethubutu. Mpimaji mzuri huchukua mipangilio iliyotangazwa kuwa imara akaipeleka mbele ya Prime95 kwa saa kadhaa. Asiyefanya hivyo amenakili tangazo.

Kuna jambo jingine lisiloonekana katika mihimili yoyote. Ili programu iweze kubadilisha volteji na mapigo ikiwa ndani ya Windows, lazima ipewe draiva yenye mamlaka ya ndani kabisa ya mashine, mahali ambapo hata programu za kawaida za ulinzi hazina kauli. Draiva hiyo ikiwa na mlango mbovu, mwizi huingia kwa mlango huo huo. Mwaka 2018 watafiti walitangaza mapengo ya namna hiyo katika draiva za programu za Gigabyte na za ASUS. Mwaka 2020 kampuni ya ulinzi ya Sophos ilieleza jinsi wahalifu walivyotumia draiva ya zamani ya Gigabyte, yenye sahihi halali, kuzima ulinzi wa tarakilishi ili programu yao iitwayo RobbinHood iteke nyara mafaili na kudai fidia. Hawakuhitaji hata kumkuta mtu mwenye ubao wa Gigabyte. Waliibeba draiva wakaja nayo. Mwezi wa Mei 2023 kampuni ya Eclypsium ilionyesha kwamba bayosi za mamia ya aina za mbao za Gigabyte zilikuwa zikiingiza kisakinishi ndani ya Windows na kupakua programu kwa njia isiyolindwa ipasavyo. Kampuni ilitoa marekebisho. Na mbao za watengenezaji wengine nazo huleta kisakinishi chao mara Windows inapowashwa mara ya kwanza, hata kama diski ni mpya na tupu. Mgeni huyo hakualikwa, lakini amekuja na mkeka wake.

Je, yote katika programu hizi ni mabaya? Sivyo. Kupanga mwendo wa feni ni huduma ya kweli, hasa kwa mtu anayesoma usiku katika chumba kimoja na wanaolala. Taa za rangi hazihesabu hesabu yoyote, nami sina la kusema juu yake ila kwamba huongezwa katika bei. Lakini marekebisho yenye hekima kuliko yote husifiwa mara chache, nayo ni ya kushusha. Ukiipunguzia prosesa kubwa ya leo umeme kwa nusu, kazi yake haipungui kwa nusu. Hupungua kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu hatua za mwisho za mwendo ndizo zilizokuwa na gharama kubwa kuliko zote. Joto hushuka, feni hutulia. Jambo hilo hufanyika katika bayosi kwa namba moja au mbili, na halihitaji draiva wala mishale. Mpimaji ambaye angetuonyesha mihimili miwili, mmoja wa kazi na mmoja wa umeme, kwa wati 253 na kwa wati 125, angetufaa kuliko yule aliyepima mbao kumi na mbili kwa programu kumi na mbili.

Basi ukurasa wa upimaji utakapokuja mbele yako, usianze na nishani. Anza na ile aya fupi, aghalabu yenye herufi ndogo, inayoeleza namna ya kupima. Tafuta kama mpimaji ameziweka mbao zote katika mpaka mmoja wa umeme, au ameziacha kila moja na tabia yake; njia zote mbili zafaa, mradi aseme ni ipi. Tafuta joto la vile vidhibiti vya umeme vilivyozunguka prosesa, vinavyoshusha volti 12 hadi kama moja na kitu, maana hapo ndipo ubao wa bei rahisi na wa bei ghali huachana kweli. Jaribio lao si la dakika mbili. Vyuma vya kupozea huchukua muda kupata moto, na ubao unaoonekana mtulivu mwanzoni waweza kulegea baada ya nusu saa na kuipunguzia prosesa mwendo. Tafuta idadi ya soketi za diski na za kumbukumbu, kwa sababu utaishi nazo miaka mingi.

Mwisho angalia toleo la bayosi na tarehe yake. Ikiwa prosesa iliyotumika ni ile ya Core i9-13900K au ndugu yake wa mwaka uliofuata, na bayosi ni ya kabla ya Agosti 2024, alama zilizochorwa hapo ni za hali ambayo watengenezaji wenyewe wameirekebisha. Ubao utakaoununua dukani Nairobi au Mombasa, ukiusasisha kama ipasavyo, hautazifikia, wala haifai uzifikie.